Barua ya Wazi: Marafiki wa Arboretum Wapewe Mkataba, Shukrani Tumezisikia

Kwa Waziri wa Mazingira,
Kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu,
Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi.

KUH: MAKUNDI YA MARAFIKI YANAYOHUDUMIA ARBORETUM NA MISITU YA UMMA JIJINI

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza msije mkachoka kabla ya kulifikia. Kila msitu na kila bustani ya miti ya umma jijini Nairobi yenye kundi la marafiki, yaani wananchi wanaojitolea kuihudumia, iwe na mkataba wa maandishi kati ya kundi hilo na mwenye mamlaka. Uwe mkataba wa miaka mingi, mwananchi yeyote aweze kuusoma, na utaje waziwazi ni kiasi gani cha pesa za langoni kitabaki palepale zilipokusanywa. Tuanze na Arboretum, bustani ya miti iliyo kando ya State House Road. Kama mkataba upo, utolewe kwenye droo tuusome. Kama muda wake umekwisha, uandikwe upya. Na kama haujawahi kuwapo, basi mnajua pa kuanzia.

Wengi wanaopita State House Road huidhani Arboretum kuwa uwanja wa kupumzikia uliobahatika kuwa na miti. Ukiingia siku ya Jumapili huwezi kuwalaumu. Maharusi wanapigwa picha, wanafunzi wa chuo wametandika leso nyasini, kikundi cha maombi kinakemea mapepo chini ya mkaratusi, na tumbili wanamvizia mtoto aliyeachiwa chapati. Yote hayo nayapenda, ingawa ya mapepo nayapenda zaidi nikiwa mbali kidogo. Lakini mahali pale hapakuanzishwa kwa ajili ya pikiniki.

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na garimoshi la siku hizo lilikula kuni. Misitu ya asili iliyokuwa karibu ikaanza kuisha. Mwaka 1907 Battiscombe wa idara ya misitu akaanzisha shamba la kujaribia miti ya kigeni: upi utakua upesi, upi utavumilia baridi ya Julai na ukavu wa Februari, upi utafaa kwa kuni na mbao. Mwaka 1932 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Leo ni takriban hektari 30 zenye aina zaidi ya 350 za miti, ya kwetu na ya ng'ambo. Majaribio ya aina hiyo ndiyo yaliyotuletea miti ambayo leo mkulima anaiona ni ya babu yake. Mgrevilea uliosimama kwenye mipaka ya mashamba ya Murang'a na Embu asili yake ni Australia, na hakuna anayeuita mgeni tena.

Tofauti ya msitu na arboretum ni kumbukumbu. Msitu ukiangukiwa na mti mmoja, msitu bado upo. Arboretum ikiangukiwa na mti mmoja, huenda aina nzima imetoka kwenye mkusanyiko wake, na kama hapakuwa na maandishi ya mti ule ni upi, mbegu yake ilitoka wapi na ulipandwa lini, hakuna hata atakayejua kimepotea nini. Msumeno utapita, kuni zitabebwa, na Jumapili ijayo leso zitatandikwa palepale.

Hapo ndipo marafiki walipoingia. Mwaka 1993 wanachama wa East Africa Natural History Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1909 na ambacho leo tunakifahamu kwa jina la Nature Kenya, waliunda Marafiki wa Nairobi Arboretum, kwa kifupi FONA, ili kuisaidia iliyokuwa Idara ya Misitu kuifufua bustani. (Kule Washington nako wapo waliojiunga mwaka 1982 kusaidia Arboretum ya Taifa ya Marekani, na kifupi cha jina lao ni FONA vilevile. Hawana undugu, ila shida iliyowazaa ni ileile: serikali yenye ardhi na miti, isiyo na mikono ya kutosha.) Kazi ya FONA yetu imekuwa ile isiyopigwa picha na magazeti: kuitambua miti, kuiwekea vibao vya majina, kuchora njia za kutembelea, na kuwapitisha watu kwenye matembezi ya miti, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye vibao, maana mtu asiyeelewa kibao cha mti hataelewa kwa nini naomba mkataba.

Shina la mti hunenepa. Ukichukua kibao cha bati ukakipigilia kwa msumari mpaka ukalala, mwaka wa kwanza kitapendeza. Baada ya miaka michache gome huanza kukikunja kingo, halafu hukivuka, na mwisho mti hukimeza. Unabaki unaona kona moja imechomoza kwenye gome, na juu yake herufi mbili tatu za jina la Kilatini. Anayeijua kazi hutumia msumari mrefu na kuacha sehemu kubwa yake nje, au hufunga kwa springi, ili kibao kisukumwe taratibu shina linapopanuka. Hata hivyo lazima mtu arudi baada ya miaka kadhaa, akivute nje, akikague, abadilishe kilichofutika kwa jua, na aweke kingine pale ambapo mtu amekibandua akauze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Halafu kila kibao kina namba, na namba hiyo ni lazima ilingane na rejista, na rejista ni lazima iwe mahali inapoweza kupatikana.

Sasa niambieni, katika bajeti ya serikali kazi ya kurudi kulegeza misumari inaandikwa kwenye kifungu gani? Bajeti inajua kununua vibao elfu moja kwa zabuni. Haijui kumtuma mtu mwenye subira avizungukie kwa miaka ishirini. Mtu huyo ni mwanachama wa kundi la marafiki, na mara nyingi ni mwalimu mstaafu mwenye kofia pana na daftari lililolowa mvua.

Afisa wa misitu naye simlaumu. Leo yuko Nairobi, mwakani amehamishiwa Londiani, mwaka wa tatu yuko Kakamega. Ndio utaratibu wa kazi. Ameondoka wakati ndio kwanza ameanza kujua mti upi una ugonjwa wa shina na upi ulipandwa badala ya ulioanguka. Anayekuja nyuma yake anaanza upya, isipokuwa akikuta watu ambao hawahamishwi. Marafiki hawana barua ya uhamisho. Na wao kwa upande wao hawana mamlaka: hawawezi kumkamata mkata miti, hawawezi kutoa kibali, hawawezi kufunga lango. Kila upande una kile ambacho mwenzake amekosa, na ndiyo sababu uhusiano huu hauwezi kuachwa utegemee kama meneja wa sasa na mwenyekiti wa sasa wanaelewana.

Nije kwenye pesa, kwa kuwa ndiko mambo yanakoharibikia.

Naelewa kwa nini serikali iliamua malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, mfumo wake wa mtandaoni, na namba ile ya kulipia ya 222222. Risiti za mkono zilitoboka muda mrefu, na kila mtu aliyewahi kulipa kiingilio mahali popote nchini anajua ninachosema. Sipingi malipo ya simu. Ninachouliza ni safari ya shilingi baada ya hapo. Shilingi iliyolipwa na mwanafunzi langoni inapanda juu upesi sana. Kushuka kwake kurudi bustanini kunapitia wizara, makadirio, mwaka wa fedha na mgao, na njiani inakutana na mahitaji makubwa kuliko kinyunyizio cha kitalu. Anayesubiri bomba litengenezwe Januari, wakati miche inakauka, hawezi kungoja bajeti ya Juni.

Mwaka 2025 tuliona Karura jambo hili lilivyofika mahakamani, baada ya KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu, kuagiza ada zote za msitu ule zilipwe kupitia eCitizen na marafiki wa Karura kupinga. Sitaingia katika hoja za kesi. Ila tusijifanye kwamba Karura ilijitengeneza yenyewe. Ule ndio msitu ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 kwa kujaribu kupanda miti mbele ya lango la wanyakuzi wa ardhi. Hata baada ya wanyakuzi kurudi nyuma, mtu mwenye akili zake hakuingia Karura peke yake. Ulipata uzio wa umeme, maskauti wa jamii, njia za kukimbilia na za baiskeli kwa sababu KFS na chama cha marafiki walifanya kazi pamoja, wakachangisha, na pesa za kiingilio zikaonekana kwa macho pale pale. Leo wanawake wanakimbia humo asubuhi na mapema. Mpango uliozaa matunda hayo ukibadilishwa kwa agizo, hata kama agizo lina nia njema, wanaojitolea huko City Park, Arboretum na msitu wa Ngong Road wanasikia ujumbe mwingine kabisa: jengeni, tutakuja kuchukua.

Kuna pesa nyingine ambazo hazitawafikia kamwe bila marafiki. Familia inayotaka kuweka benchi kwa kumbukumbu ya mama yao haitaiandikia Hazina Kuu hundi. Kampuni inayotaka kugharamia kitalu inataka kuona kitalu. Shule inayotaka darasa la miti inataka mtu wa kumpigia simu Jumamosi. Kundi lisilotafuta faida, lenye akaunti yake na wakaguzi wake, ndilo linalopokea misaada ya namna hiyo na kuitolea hesabu. Ninyi mnabaki na ardhi, sheria na askari wa misitu, na juu yake mnapata benchi, kitalu na mwalimu bila kuongeza mtu kwenye orodha ya mishahara.

Na si hisani ninayoomba. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia, kulinda na kuhifadhi mazingira, na katika kifungu hichohicho kumeandikwa lengo la asilimia 10 ya ardhi ya nchi kuwa chini ya miti. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii vya misitu na kuviruhusu kuingia mkataba na KFS. Mlango umeshajengwa; ninachouliza ni nani ana ufunguo.

Tena angalieni kampeni yenu wenyewe. Mmetuahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 mkatupa siku nzima ya mapumziko tukapande. Tulipanda. Lakini miche hiyo hutokana na mbegu, na mbegu nzuri hutokana na miti mama inayojulikana. Chukueni muiri, ule mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Mbegu yake haikai ghalani kama mahindi. Ni lazima iokotwe tunda likiiva, isafishwe, ipandwe ikiwa ingali mbichi, na kwenye kuokota unashindana na kima na ndege ambao hawangoji kibali. Ili ufike kwa wakati ni lazima kuwe na mtu anayepita chini ya mti ule kila wiki na kutazama juu. Bustani yenye rejista sahihi na marafiki wanaoizunguka inaweza kuwaambia vitalu vya serikali: muiri wetu umeiva wiki hii, njooni. Hali kadhalika muhugu na mutamaiyu, ambayo jiji hili liliikata likiijengea na kuichonga hadi watoto wetu hawaijui. Kampeni ya bilioni 15 isiyojua miti mama iko wapi itaishia kutujazia nchi aina tatu za miti, zile zinazoota upesi kwenye vifuko.

Lipo jambo moja zaidi linalotaka kuandikwa mkatabani, nalo ni hafla. Najua ukodishaji wa viwanja kwa harusi na matamasha unaleta pesa. Lakini mizizi mingi inayonyonya maji na hewa haiko kilindini kama tunavyodhani. Iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya nusu mita hivi ya juu, na imetandaa kupita kivuli cha matawi. Egesha lori la jenereta juu yake udongo ukiwa umelowa, na ule udongo hushikamana ukawa kama sakafu. Mti hautakufa siku hiyo. Utaanza kukauka ncha za juu baada ya miaka miwili au mitatu, watu watasema ni uzee, na aliyekodi uwanja atakuwa ameshasahau hata tarehe ya harusi yake. Basi marafiki wapewe haki ya kuulizwa kabla kibali hakijatolewa, si kura ya turufu, ila haki ya kusema: hema liende upande ule, lori libaki kwenye lami. Vivyo hivyo kwa mti wowote unaotaka kukatwa: tangazo libandikwe kwenye shina lenyewe, litaje sababu, likae wiki mbili, halafu msumeno. Mti unaotishia kuangukia watu leo uondolewe leo, na ripoti ifuate.

Mheshimiwa Gavana, kwako ni fupi. Mto Kirichwa Kubwa haujui mpaka wa KFS uko wapi. Maji machafu yanayoachiwa humo kabla haujafika Arboretum yanapita chini ya miti hii, na kundi la marafiki likiokota chupa kila Jumamosi linaokota za mitaa ya juu. Plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku ndani ya misitu na mbuga tangu Juni 2020. Mto haujapata habari. Kaunti iwe upande wa tatu katika mkataba, kwa mambo ya mto na mifereji.

Sasa niwageukie marafiki wenyewe, kwa sababu barua ya wazi husomwa na wote. Nawapenda, lakini mkataba ninaouomba usiwe zawadi kwa klabu. Matembezi ya Jumatatu asubuhi ni ya wastaafu na wenye magari. Mkutano unaoendeshwa kwa Kiingereza cha sebuleni unamfukuza kijana wa Kawangware bila kumwambia neno. Ada ya uanachama ikizidi uwezo wa mwanafunzi, kundi litakuwa limechagua nani ni umma. Basi mkataba uwabane na wao: uchaguzi wa viongozi kwa muda maalumu, ada ndogo kwa wanafunzi na majirani wa kipato cha chini, mikutano ya Jumamosi inayoendeshwa kwa Kiswahili pia, hesabu zilizokaguliwa na kubandikwa langoni, na marufuku kwa mwanakamati kuuza huduma yoyote bustanini, awe ni mpishi wa hafla au mwenye mahema. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyopitishwa 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo hata mifano ya namna ya kuendesha na kuwajibisha kundi la aina hii tunayo.

Na wale wanaouza maji na njugu nje ya lango wasisahaulike. Wapo pale kila siku kuliko afisa, mwanachama au mimi. Wanajua gari lililotoka na magogo usiku. Kundi la marafiki lisilokuwa na muuza njugu hata mmoja ndani yake limejinyima macho.

Ninapendekeza tuanze na kazi moja ya pamoja hata kabla mawakili hawajamaliza kubishana juu ya vifungu: hesabu mpya ya miti ya Arboretum. KFS itoe maafisa wawili na ramani, marafiki watoe wajuzi wao na wanafunzi wa kujitolea, kila mti upimwe unene, upewe namba, uandikwe ulipo, na orodha yote iwekwe wazi. Ikikamilika, pande zote mbili zitie sahihi kwamba hii ndiyo miti tuliyokabidhiana. Tangu siku hiyo, atakayeuliza mti namba fulani umeenda wapi atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kuhusu pesa, sitawawekea asilimia mdomoni. Kaeni mkubaliane, ilimradi iandikwe, isibadilishwe kwa waraka wa jioni, na ripoti ya kila robo mwaka ioneshe kilichokusanywa, kilichopanda juu na kilichobaki.

Naomba jibu la maandishi, na kikao cha hadhara ndani ya Arboretum kwenyewe, siku ya Jumamosi, kabla ya mvua za masika. Aprili ndipo miche inapotoka kitaluni kwenda shambani, na ingefaa ya mwaka huo iingie ardhini ikiwa tayari ina namba kwenye rejista.

Wenu,
Mkazi wa Nairobi anayelipa kiingilio na kutunza risiti

Nakala: Marafiki wa Nairobi Arboretum, marafiki wa Karura na City Park, mama wa njugu langoni, nitakayemsomea mwenyewe.